Anza Pembeni: Namna ya Kulitambua Kaburi la Mawe Nyanda za Juu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wote mliofika, hamjambo.

Nimeombwa niseme nanyi kabla hamjaanza kazi ya kuorodhesha marundo ya mawe huko juu. Nitajitahidi nisiwachoshe, ila nakiri mapema kwamba nina jambo moja ninalolishikilia na nitalirudia mpaka mlichoke: ukifika kwenye rundo la mawe, usianze kulitazama kileleni. Anza pembeni, pale mawe yanapokutana na ardhi. Karibu kila kitu ambacho rundo linaweza kukuambia bila kuchimbwa kiko pale chini. Kilele ni mali ya kila mpita njia. Mmoja huongeza jiwe, mwingine huondoa, wa tatu hujikinga upepo, wa nne huchomeka mti wa bendera. Pembeni hakuna mwenye haja napo, ndiyo maana pembeni hudumu.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Nyanda za juu zimejaa marundo ya mawe na mengi si makaburi. Mkulima hurundika mawe ili jembe lipite. Mchungaji hurundika ili asipotee ukungu ukishuka. Wapima ardhi walijenga marundo vileleni ili wapate kitu cha kulenga kwa darubini zao. Askari wamejibanza nyuma ya mawe. Na kuna mawe ambayo hakuna mkono wa mtu ulioyagusa: barafu ya zama za kale iliyabeba ikayaacha, au baridi ya usiku iliupasua mwamba vipande vipande hadi ukafanana na kitu kilichojengwa. Kwa hiyo kabla hujauliza kama ni kaburi, uliza nani alikuwa na haja ya kuleta mawe mahali hapa, na aliyatoa wapi.

Anayetusumbua zaidi ni mkulima. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye nyika za juu za North York Moors, kuna mamia ya marundo madogo yaliyotawanyika mteremkoni. Wapenzi wa mambo ya kale wa karne ya 19 waliyafukua kwa shauku, wakitarajia vyungu vya majivu ya wafu. Mara nyingi waliambulia mawe na udongo. Leo wanaakiolojia wanayahesabu mengi ya marundo hayo kuwa mawe yaliyoondolewa mashambani katika Zama za Bronzi, enzi ambayo zana zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, wakati nyika hizo zilikuwa bado zinalimika. Na si huko tu. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna mashamba ya kale ya matuta na mifereji yaliyoachwa karne kadhaa zilizopita, na ndani yake yamo marundo ya mawe yaliyookotwa shambani. Mgeni mwenye haraka angeyaita makaburi.

Rundo la mkulima lina tabia zake. Mawe yake ni ya saizi anayoweza kubeba mtu mmoja, na yametupwa, hayakupangwa. Kingo zake zimemwagika ovyo. Mara nyingi limeegemea jabali kubwa lililomshinda mtu kulihamisha, kwa sababu hapo palikuwa pameshaharibika kwa jembe hata hivyo. Halikai peke yake. Yako mengi, yameachana kwa nafasi zinazokaribiana, mahali penye mteremko wa wastani na udongo wa kutosha. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: acheni marundo, tembeeni katikati yake. Ikiwa ardhi ya katikati haina mawe, na ukitoka nje ya eneo hilo unaanza kujikwaa, basi umesimama shambani.

Hapo ningependa kusema jambo limekwisha, lakini halijaisha. Watu waliolima ndio hao hao waliozika. Kuna marundo ya shambani ambayo chini yake imekutwa mifupa iliyoteketezwa, na katikati ya kundi la marundo madogo mara nyingine hukaa moja kubwa kuliko yote, lenye ukingo uliopangwa, na hilo ni kaburi kweli. Sijui kama mkulima wa zama zile angeelewa kwa nini tunataka kumlazimisha achague kati ya shamba na kaburi. Ninyi msiruke hata moja. Pitieni yote, hata kama yanafanana.

Kisha kuna marundo ya imani. Kwenye vipito vya milima ya Mongolia wasafiri hurundika mawe na kufunga vitambaa vya buluu. Huyaita ovoo, na ni mahali pa ibada, hakuna aliyelala chini. Ya kusini mwa Afrika yanatatiza zaidi. Wakhoekhoe wana marundo wanayoyaita makaburi ya Heitsi-Eibib, na apitaye huongeza jiwe au tawi. Ukimuuliza mwenyeji atakuambia ni kaburi, naye anasema kweli kwa namna yake, kwa sababu Heitsi-Eibib wa masimulizi alikufa na kufufuka mara nyingi, akaacha makaburi mengi. Mwanaakiolojia asiyekaa akasikiliza ataandika “kaburi” na kuhesabu maiti ambazo hazipo. Wakati huo huo, kwa Wamaasai, ambao zamani hawakuwa na desturi ya kuzika kila mtu, waliozikwa chini ya mawe walikuwa watu wa heshima, na aliyepita aliongeza jiwe lake. Tendo ni lile lile, jiwe juu ya rundo. Huku pana maiti, kule hapana. Kwa hiyo mawe mapya juu ya rundo hayathibitishi wala hayakanushi. Kuuliza wenyeji si ujinga, ni nusu ya kazi, lakini andikeni walichosema kama walivyokisema, na uamuzi wenu uandikwe mstari mwingine.

Nitaje kwa upesi wadanganyifu wawili wengine. Karibu na vijito vya Uingereza na Ireland kuna vilima vidogo vya mawe yaliyopasuliwa na moto, mara nyingi vyenye umbo la kwato. Mawe hayo yalitumika kuchemshia maji, hayahusiani na maziko. Na kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya kuna mashimo ya Sirikwa, mabonde madogo ya duara ubavuni mwa kilima, yenye tuta upande wa chini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938, mashimo hayo yalidhaniwa kuwa makazi ya watu. Utafiti wa baadaye wa John Sutton ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng’ombe, na tuta ni samadi na takataka zilizosukumwa nje ya mlango. Ninaitaja Hyrax Hill kwa sababu kilima hicho hicho kina pia makaburi ya wafugaji wa kale zaidi chini ya marundo mafupi ya mawe. Kilima kimoja, zama mbalimbali, na nyasi zile zile zimefunika vyote.

Sasa turudi pembeni, nilikoahidi.

Mara nyingi mjenzi wa kaburi alianza kwa kuamua ukubwa wake. Alipanga mawe makubwa kwenye mstari wa duara, mengine yakisimama, mengine yakilazwa ubavu, kisha ndani yake akajaza. Duara hilo ndilo linalotenganisha kitu kilichojengwa na kitu kilichotupwa. Tatizo ni kwamba kwa miaka 3000 au 4000 mawe ya ndani yamekuwa yakiporomoka na kulifunika. Ndiyo maana mtu anayetafuta ukingo pale rundo linapoishia leo hauoni. Ingieni ndani kidogo, nusu mita au mita nzima, mkatafute mawe yaliyozama nusu, yanayochungulia kwenye majani, ambayo hayatikisiki mkiyagusa. Mkipata matatu yaliyo kwenye mkunjo mmoja, simameni. Angalieni mkunjo unaelekea wapi, zungukeni upande wa pili, mlitafute la nne pale linapopaswa kuwa. Likiwapo, mmepata mjenzi.

Umbo husaidia pia, hasa mteremkoni. Mawe yaliyoporomoka yenyewe hushuka na kutawanyika kuelekea chini. Kaburi lililojengwa mteremkoni hubaki duara, kwa sababu mjenzi aliongeza mawe upande wa chini ili kulisawazisha. Ukubwa nao una la kusema, japo si amri: marundo ya shambani kwa kawaida hayazidi mita 5 kwa upana, makaburi mengi huanzia hapo na kupanda hadi mita 20 na zaidi. Lile la Knocknarea huko Ireland, juu ya kilima cha mita 327, lina upana wa mita 55 hivi na kimo cha mita 10. Halijachimbwa kitaalamu hadi leo, lakini hakuna mwanaakiolojia anayedai kuwa ni rundo la mkulima.

Katikati, tafuteni mabamba. Makaburi mengi ya Zama za Bronzi huko Ulaya ya kaskazini-magharibi yalikuwa na sanduku la mawe: mabamba manne yaliyosimamishwa wima na la tano kama kifuniko. Msitarajie urefu wa mtu aliyelala. Maiti ilikunjwa magoti kifuani, au ilichomwa na mabaki yake yakawekwa kwa mafungu, kwa hiyo sanduku mara nyingi halizidi mita moja na kidogo. Huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, mengi yanaonekana wazi, kifuniko kikiwa kimetupwa kando na waliotangulia kutafuta dhahabu.

Hao watafutaji wametuachia alama yao wenyewe. Rundo lenye kina katikati kama bakuli, na kifusi chenye majani kikiwa kimemwagwa upande mmoja, kwa kawaida limefukuliwa. Si jambo la jana. Mwaka 1324 mfalme Edward II wa Uingereza alitoa kibali cha kuchimba vilima vya makaburi katika mkoa wa Devon kutafuta hazina. Ila hapa pana mtego: wapanda milima nao huchimba bakuli kileleni ili wakae wasipigwe na upepo. Wao hawatupi mawe mbali. Huyapandisha kuwa ukuta mfupi wenye umbo la nusu duara upande upepo unakotoka. Mawe ya ukuta huo ni safi. Yale yaliyokaa muda mrefu yamevaa kuvumwani, yale magamba yanayoota juu ya mawe, upande uliotazama mwanga, na nyufa zake zimejaa udongo na majani. Ukiona jiwe lenye kuvumwani upande wa chini, kuna aliyeligeuza juzi juzi. Msijaribu tu kuhesabu miaka kwa kuvumwani. Nawajua watu wanaofanya hivyo kwa kujiamini kuliko ninavyoweza kuwatetea.

Marundo mapya juu ya makaburi ya kale ndiyo hali ya kawaida vileleni. Kilele cha Pen y Fan huko Wales, mita 886, hupandwa na maelfu ya watu kila mwaka, na chini ya mawe yanayokanyagwa pale kuna kaburi la Zama za Bronzi lenye sanduku lake. Kwa hiyo kukuta rundo jipya kileleni hakumalizi swali. Shukeni hadi kwenye ukingo wake wa chini mkaangalie kama kuna tuta pana zaidi lenye majani ambalo rundo hilo jipya limekalia.

Nisemeje kuhusu mahali? Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na labda nitalipa muda usiostahili. Watu wengi wakitafuta makaburi ya milimani hupanda moja kwa moja hadi kileleni. Yapo huko, ndiyo. Lakini mengi yamejengwa chini kidogo ya kilele, kwenye bega la mlima, mahali ambapo ukisimama haionekani kuwa ni pa maana yoyote. Shuka bondeni, kisha geuka utazame juu. Lile bega ndilo linalochora mstari wa anga. Kilele halisi kimejificha nyuma yake. Ukiwa bondeni, rundo limesimama juu kabisa ya dunia yako. Ukiwa kileleni, huenda hata hulioni. Aliyejenga pale hakuwa akiwafikiria wapanda milima. Alikuwa akiwafikiria watu wa bonde fulani, na mara nyingi unaweza kusema ni bonde lipi, kwa sababu ukivuka upande wa pili wa mlima rundo linatoweka.

Kwa hiyo kwenye fomu zenu kuna nafasi ya “linaonekana kutoka wapi”. Naomba msiijaze mkiwa mmesimama juu ya rundo. Ijazeni mkiwa bondeni. Na kumbukeni kwamba mchungaji na mpima ardhi nao walipenda mahali panapoonekana, hivyo kuonekana peke yake hakutoshi. Kuonekana pamoja na ukingo uliopangwa, hapo nitaanza kuwasikiliza.

Angalieni pia majirani. Dartmoor kuna mistari ya mawe yaliyosimamishwa ambayo hupanda mteremko na kuishia kwenye kaburi. Mongolia, marundo makubwa ya wafugaji wa miaka kama 3000 iliyopita, yanayoitwa khirigsuur, yamezungushiwa ua wa mawe wa duara au wa pembe nne, na nje ya ua, hasa upande wa mashariki, kuna marundo madogo yenye fuvu la farasi ndani yake. Makubwa zaidi miongoni mwa khirigsuur yamezungukwa na marundo madogo zaidi ya elfu moja. Mtu akiyaona hayo madogo peke yake angedhani ni ya mkulima.

Kuna anayejiuliza: kwa nini tusichimbe tu, tukate mzizi wa fitina? Sababu ya kwanza ni kwamba kuchimba mara nyingi hakukati chochote. Udongo wa nyanda za juu zenye mvua nyingi una asidi, na asidi hula mfupa. Huko Corrimony, Scotland, rundo la mawe lilipochimbwa mwaka 1952 chini ya Stuart Piggott, kilichobaki cha mtu aliyezikwa kilikuwa doa kwenye udongo lenye umbo la mwili uliokunjwa. Mchimbaji asiye na utaalamu angelipitisha jembe doa hilo na kuripoti kwamba rundo ni tupu. Mfupa uliochomwa ndio huvumilia, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maabara zimeweza kuupima umri kwa kaboni-14, jambo ambalo awali halikuwezekana. Vipande vyeupe vilivyotupwa na wachimbaji wa karne ya 19 kama takataka vingeweza leo kutupa tarehe.

Na mara chache sana asidi na maji hufanya kinyume. Mwaka 2011, Whitehorse Hill huko Dartmoor, wataalamu walifungua sanduku la mawe lililokuwa ndani ya mboji nyeusi ya kinamasi, zaidi ya kilomita nusu juu ya usawa wa bahari. Ndani mlikuwa na mabaki ya kijana aliyechomwa, yakiwa yamefungwa kwenye ngozi ya dubu. Kikapu kilichosukwa, shanga zikiwemo za kaharabu, bangili iliyopambwa kwa bati, na vipuli vya mbao iliyochongwa, vyote vya kati ya karne ya 18 na ya 17 KK. Kikapu! Mboji ilikuwa inamomonyoka na jiwe la ncha moja ya sanduku lilikuwa limeshaanguka, ndiyo maana walichimba. Laiti mtu angepita pale na koleo miaka kumi kabla, kitu cha kwanza kuharibika kingekuwa ngozi na kikapu, na hakuna ambaye angejua vilikuwapo.

Sababu ya pili ni kwamba rundo linaweza kuwa kaburi lisiwe la mtu. Kwenye uwanda wa juu wa Messak, kusini-magharibi mwa Libya, wanaakiolojia walikuta ndani ya majengo ya mawe ng’ombe waliozikwa kwa taratibu za ibada kati ya mwaka 5200 na 3800 KK. Kwa nje, hakuna ambacho kingekuambia.

Ya tatu ni sheria, na sina haja ya kuirefusha. Uingereza ina sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mabaki ya kale, Kenya ina ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, Tanzania ina ya mwaka 1964 ya mambo ya kale. Popote mlipo, mtu binafsi hafukui eneo lililolindwa bila kibali.

Kuhusu vifaa, ramani za leza zinazopimwa kutoka kwenye ndege ni msaada mkubwa, hasa penye vichaka; zinawaonyesha duara na vimo ambavyo jicho halipati. Haziwaonyeshi kama duara hilo ni kaburi au zizi la kondoo. Jua la asubuhi au la jioni, likiwa chini, linafanya kazi kubwa kwa bei nafuu: ukingo uliozama hutoa kivuli ambacho saa sita mchana hakipo. Piteni mahali penye mashaka mara mbili, kwa mwanga tofauti.

Kwenye fomu mtakuta ngazi tatu: kaburi, huenda ni kaburi, rundo lisilojulikana asili yake. Nimeona vikundi vinavyoona aibu kuitumia ya tatu. Mimi nikikagua fomu ambazo zote zimeandikwa “kaburi”, huziweka kando na kutuma mtu mwingine kupima upya. Andikeni upana kwa pande mbili, kimo kutoka upande wa juu na wa chini wa mteremko, mawe mangapi ya ukingo mmeyaona kwa macho yenu, na kama kuna mawe mapya. Hayo yakiwapo, mwingine ataweza kuwapinga, na ndivyo tunavyotaka.

Msiongeze jiwe. Msiondoe jiwe, hata lile la mpanda mlima wa jana. Kazi hiyo ina wenyewe. Atakayekuta mfupa au kigae juu ya ardhi apige picha pamoja na kipimo, aandike mahali, akiache hapo hapo, kisha aarifu mamlaka ya mambo ya kale kabla hajaituma picha hiyo kwa mtu mwingine yeyote, maana watafuta hazina nao wana simu.

Ahsanteni. Naona mwenyekiti ametutengea muda wa maswali.